Maji Juu ya Kochi

Maji yalimwagika upande wa Futi.

Kochi lilikuwa la watu watatu, jipya kabisa, la kitambaa cha bluu, na mwenye kochi alikuwa amesimama kando ya gari lake akipiga picha kwa simu. Futi ameshika mwisho huu, pacha wake Kicheko ameshika ule, na katikati ya kiti imesimama glasi ya maji iliyojaa pomoni. Hawajafika hata nusu ya uwanja, glasi ikayumba, ikalala, na maji yote yakamshukia Futi tumboni. Yakamlowesha mpaka kwenye zipu, akaonekana kama mtu aliyechelewa choo.

Mchezo huo wa glasi ndio uliowajulisha kwa watu. Kila kochi lililokwisha lilibebwa hivyo, kutoka mlango wa karakana hadi kwenye gari, kisha mteja anapewa glasi anywe maji yake. Mafundi wengine wa makochi walijaribu wakaishia kuvunja glasi, maana hawakuwa na kitu walichokuwa nacho hawa wawili: mabega yaliyo sawa. Walizaliwa siku moja, wakakua kimo kimoja, na fundi wao wa cherehani hakuwahi kuwapima wote. Akimpima mmoja, anakata suruali mbili.

"Umeinua juu," Futi alisema huku akijikung'uta.

"Sijainua, kaka," Kicheko alisema. "Labda wewe umelegeza."

Mwenye kochi akacheka. Kicheko naye akacheka, meno yote nje. Futi hakucheka. Neno lile la kulegeza lilikuwa limemgusa mahali ambapo hakutaka mtu apajue.

Kicheko alimwita kaka kwa sababu Futi ndiye aliyetangulia kutoka tumboni. Kutangulia huko hakukumfaa kitu. Mama yao, enzi za uhai wake, alizoea kuwasimulia wageni kwamba wa kwanza alikuja analia na wa pili akaja kama anayecheka, na kila mgeni aligeuka kumtazama wa pili. Futi aliisikia hadithi hiyo tangu utotoni na hajaisamehe mpaka leo. Jina lake mwenyewe watu walidhani limetokana na ile futi ya kupimia aliyoivaa shingoni kutwa nzima. Ndugu wa karibu walijua linatoka mbali zaidi. Alipokuwa mtoto hakuweza kula nyama kabla hajalinganisha kipande chake na cha mwenzake, na sasa, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, akiletewa chai alitazama kwanza kikombe cha Kicheko kimejaa kiasi gani.

Na katika yote ambayo Kicheko alikuwa nayo, lililomkera Futi kuliko mengine ni meno. Meno ya Kicheko yalijipanga kama punje za hindi. Alifungua soda kwa meno. Alikata uzi kwa meno. Alibana misumari midogo ya kochi, konzi nzima, akawa anapigilia huku anapiga soga na wateja kupitia pembeni ya mdomo, na wateja wa kike walikaa kusubiri hata kazi zao zilipokuwa zimekwisha.

Futi naye alifanya kazi hivyo hivyo, misumari mdomoni, nyundo mkononi. Lakini kwa muda sasa, akibana msumari, jino la mbele la chini lilikuwa linacheza. Kisha jirani yake nalo likaanza kucheza. Alihamishia misumari upande wa kushoto, na upande wa kushoto ukaanza kumsaliti. Ufizi ulimtoka damu akipiga mswaki, basi akaacha kupiga mswaki kwa nguvu, kisha akaacha kupiga mswaki vizuri. Karanga alizitupa mfukoni akijifanya anazila baadaye. Mkate aliuzamisha kwenye chai mpaka ukalainika kama uji.

"Baba watoto, mkate huo unaula au unaufua?" mkewe alimuuliza.

"Ni mgumu."

"Nimeununua leo. Nenda kamwone daktari wa meno."

"Nikamwambie nini? Kwamba mkate ni mgumu?"

Hakwenda, kwa sababu kwenda ni kukiri. Walikuwa na damu moja na chakula kimoja. Kwa nini meno yang'oke kwake na yabaki kwa yule? Aliona kuwa kuna mgao ulifanyika mahali fulani na yeye akadhulumiwa, kama kawaida.

Halafu zikaja suruali. Mpya mbili zilitoka kwa fundi cherehani, zote za kijivu. Ya Kicheko ilimkaa barabara. Ya Futi ilifagia chini.

"Umenikosea kipimo," alimwambia fundi.

"Bwana, mimi nimekata mbili kwa pamoja, kitambaa juu ya kitambaa. Haiwezekani moja iwe ndefu."

Futi akazipima mwenyewe. Zilikuwa sawa. Basi kama suruali ni sawa na moja inaburuta, kuna mtu anafanya ujanja. Alimtazama Kicheko akitembea uwanjani, akaona kweli amekuwa mrefu, bega lake liko juu. Akajua: viatu. Jamaa amenunua viatu vya soli nene ili aonekane yeye ndiye kaka mtu. Mchana Kicheko alipojilaza kwenye rundo la sponji, viatu kando, Futi alinyata, akavipindua, akashusha futi shingoni na kupima soli. Zilikuwa nyembamba kuliko zake.

"Unatafuta nini kwenye viatu vyangu?" Kicheko aliuliza bila kufungua macho.

"Nimeona mende."

"Mwache, naye apate makazi."

Baada ya maji kumwagika, Futi alinuna hadi ndugu yake akaacha kumsemesha. Alikuwa na viti vya mgahawa vya kuvalisha ngozi mpya, kazi ya misumari mingi ya vichwa vidogo, na mwenye mgahawa alikuja mwenyewe kuangalia. Futi alitaka aonekane. Akajaza misumari mdomoni mbele kabisa, kama zamani, akaanza: anatoa kwa vidole, anaweka, anapiga, anatoa, anaweka, anapiga. Mkono ulikuwa bado mwepesi. Akatoa mwingine, akausimamisha kwenye ngozi, akainua nyundo, na ndipo alipoona kwamba kile alichokishika haking'ai.

Kilikuwa jino.

Lilikuwa zima, na mzizi wake mrefu, halijaoza popote. Halikumuuma hata kidogo. Lilitoka kama msumari unavyotoka kwenye mbao iliyoliwa na mchwa.

Mwenye mgahawa aliangalia pembeni kwa adabu. Kicheko alikuja, akaliona, akafunga mdomo wake mara moja, na Futi alilijua lile tendo: mwenzake anaficha meno yake mwenyewe ili asimuumize. Hilo lilimuuma kuliko jino.

"Twende hospitali, kaka."

"Nakwenda peke yangu."

Daktari wa meno alikuwa mwanamke wa makamo aliyezungumza polepole huku vidole vyake vikienda haraka. Alimgonga kila jino, akamchokoa ufizi, akampiga picha ya taya, kisha akaiweka picha mbele yake, kwenye skrini ya kompyuta.

"Mzee, unaona huu mstari? Hapa mfupa ulipaswa kufika juu, uyashike meno shingoni. Wako umeshuka mpaka hapa. Jino halikulegea lenyewe. Limekosa mahali pa kusimama."

"Kwa sababu ya uchafu?"

"Sehemu ni ufizi, ndiyo. Hujausafisha na umeoza polepole. Huo nitautibu. Ila mfupa wenyewe naona ni mwepesi taya zima, hata pale ambapo ufizi si mbaya sana. Picha ya meno haitoshi kusema mambo ya mwili mzima, lakini inanifanya niulize. Mgongo unakuuma?"

"Nabeba makochi, daktari. Usiponiuma huo utaniuma upi?"

"Umewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo?"

"Hapana."

"Umepungua urefu?"

"Mimi? Mimi sijapungua," Futi alisema. "Ni ndugu yangu ndiye amerefuka."

Daktari alitabasamu. "Ana umri gani, huyo ndugu yako?"

"Hamsini na sita."

"Na wewe?"

"Hamsini na sita. Ni pacha."

Daktari aliweka chini kioo chake kidogo cha kukagulia meno. Hakuwa anatabasamu tena.

"Mzee wangu, mtu wa miaka hamsini na sita harefuki."

Futi alikaa na mdomo wazi, ingawa hakuna aliyemwambia aufungue. Suruali, viatu, glasi ya maji, vyote vikampitia kichwani, kila kimoja kikiwa na uso mpya.

"Unatumia dawa yoyote?"

"Situmii. Labda hivi tu vya kifua." Alitoa mfukoni karatasi ya vidonge vidogo vyeupe. "Vumbi la sponji na vitambaa vya zamani linanibana pumzi. Nameza hivi napata nafuu."

Daktari alisoma nyuma ya karatasi. "Nani alikuandikia?"

"Daktari mmoja, zamani sana. Aliniandikia vya wiki moja."

"Na wewe?"

"Niliona vinanifaa."

Daktari akamweleza bila kumpigia kelele. Dawa hiyo ni nzuri mahali pake, kwa muda wake. Ikimezwa miaka na miaka bila kusimamiwa, inakula mifupa kimyakimya, na mifupa haipigi hodi kusema inaliwa. Akamtuma kwa daktari wa mifupa. Huko akalazwa chini ya mashine, akapigwa picha ya mgongo, akaonyeshwa pingili mbili zilizobonyea kama sponji iliyokaliwa na mtu mnene. Urefu wake ulikuwa umepotelea hapo. Daktari wa mifupa, mwanamume wa sauti ya chini, akampa masharti: asinyanyue kitu kizito, apate jua na chakula cha maana, atembee, ameze dawa mpya ya mifupa baada ya daktari wa meno kumaliza kazi yake. Na vile vidonge vya kifua asiviache ghafla kwa kichwa chake, maana mwili umevizoea na unaweza kuanguka. Vitapunguzwa taratibu, na kifua kitapewa dawa ya kuvuta.

"Una ndugu wa damu?" aliuliza mwishoni.

"Ninaye pacha."

"Naye apimwe. Hasa kama anameza dawa hii. Anameza?"

Futi alijua jibu. Tangu kazi za vitambaa vya zamani ziongezeke, Kicheko naye alikuwa anakohoa, na ni Futi mwenyewe aliyemwonyesha droo ya meza ya kukatia na kumwambia, chukua, vitakusaidia. Siku hizi Kicheko alivimeza kila asubuhi.

"Hamezi," Futi alisema.

Neno lilimtoka lenyewe, kama lile jino.

Njiani kurudi alijaribu kujiuliza kwa nini amesema vile, lakini hakujiuliza kwa bidii. Alijua. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa na kitu ambacho Kicheko hakuwa nacho: habari. Angekaa tu. Asingemgusa wala kumsukuma. Angekaa akitazama, na vidonge vingefanya kazi yake, na siku moja lile jino la kufungulia soda lingecheza, na suruali ya kijivu ingefagia chini. Wangekuwa sawa tena. Kwani si ndivyo walivyozaliwa?

Karakanani aliulizwa daktari amesemaje.

"Ufizi," alijibu. "Nipige mswaki."

"Hilo tu? Tungekuambia bure," Kicheko alisema, akavuta droo, akatoa kidonge chake, akakimeza kwa maji ya ile glasi ya mchezo. Futi alikitazama kikishuka. Koo la ndugu yake lilipanda na kushuka, na yeye akasikia raha mbaya, ile ya kukuna kidonda. Kesho yake akatazama tena. Na siku iliyofuata. Alianza kufika kazini mapema ili asikose kuona. Kicheko akimsimulia mteja jambo na kucheka, Futi aliyakagua meno yale moja moja, kwa subira, kama mtu anayekagua embe zake mtini.

Ndipo mwalimu mmoja wa shule ya jirani alipokuja kuchukua kochi lake, akaja na mkewe na wanawe wote, kwa sababu wamesikia habari za glasi.

Futi alipaswa kukataa. Masharti ya daktari alikuwa nayo kichwani. Lakini kukataa ni kueleza, na kueleza ni kutoa habari. Akashika mwisho wake. Safari hii alishika upande wa nyuma, akawa anaelekea mbele, na Kicheko alikuwa anarudi kinyumenyume, uso kwa uso naye.

"Taratibu, kaka," Kicheko alisema. "Mimi nakufuata wewe."

Wakainua. Glasi ilitulia. Wakaanza kutembea, na maji yakawa kama yamegandishwa, hata duara la juu halikutikisika. Mtoto mmoja wa mwalimu alianza kupiga makofi, mama yake akamzuia. Futi, aliyekuwa ameikazia macho glasi, aliinua macho kidogo amtazame mwenzake, na akaona.

Kicheko alikuwa amekunja magoti. Alikuwa anarudi nyuma uwanja mzima amechuchumaa nusu, mapaja yanatetemeka, mishipa ya shingo imesimama, jasho linamtiririka puani, na juu ya yote hayo uso unatabasamu kwa ajili ya wateja.

Walifika kwenye gari. Mwalimu alipewa glasi, akanywa, familia ikafurahi, gari likaondoka. Kicheko alikaa chini palepale kwenye vumbi akajikanda magoti.

"Tangu lini unabeba hivyo?" Futi aliuliza.

"Hivyo vipi?"

"Umekunja magoti. Nimekuona."

Kicheko alitazama pembeni. "Tangu suruali zako zianze kufagia. Kabla ya hapo pia, kidogo. Siku ile ya kochi la bluu goti liligoma kukunjika, ndiyo maana maji yakakumwagikia."

"Ulijua nimepungua ukanyamaza?"

"Ningekwambiaje? Wewe nikikwambia shati limechanika kwapani unaninunia wiki nzima. Nikwambie umefupika? Ungesema nimekuibia."

Futi alisimama na futi yake shingoni. Kitu cha kwanza alichosikia hakikuwa shukrani. Kilikuwa kijicho kilekile, kipya kabisa, kikali: hata kwa wema amenishinda. Hata katika hili amekuwa mbele, amechuchumaa uwanja mzima na bado yuko juu yangu. Alikaa na uchungu huo mpaka Kicheko alipoinuka, akaingia ndani akiburuta mguu, akavuta droo.

Kidonge kilikuwa kimeshafika mdomoni Futi alipomdaka mkono.

"Usimeze."

"Una nini?"

"Vinakula mifupa. Mgongo wangu, taya langu, ni hivi. Daktari amesema." Kisha akakumbuka. "Lakini usiache pia. Ukiacha ghafla unaweza kuanguka."

Kicheko alimtazama, kidonge kati ya vidole. "Kaka, nimeze au nisimeze?"

"Meza hicho cha leo. Halafu twende kwa daktari sasa hivi."

"Amekwambia lini?"

Futi aliisukuma droo ikafungika.

"Amekwambia lini, wewe?"

"Siku ile nilipokwambia ni ufizi. Aliniuliza kama na wewe unameza, nikasema humezi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka tuwe sawa."

Kicheko alifunga mdomo, na bila yale meno uso wake ulikuwa uso wa Futi mtupu, mikunjo ileile, uchovu uleule. Futi hakuwa ameuona hivyo kwa miaka mingi. Mwenzake alimeza kidonge bila maji.

"Wewe ni mtu mbaya," Kicheko alisema.

"Najua."

"Tusingelala tumbo moja ningekukana."

"Funga mlango, twende."

Njia nzima Kicheko alitembea mbele. Kwa daktari wa mifupa Futi alisema mwenyewe, kabla hajaulizwa, kwamba mara ile alidanganya. Daktari akaliandika hilo, akageukia kazi. Kicheko akapimwa kila alichopimwa Futi. Waliporudi kuchukua majibu walikaa benchi moja, mmoja huku na mwingine kule, wamembana katikati bibi mmoja ambaye alikuwa anawatazama kwa zamu kama anayetafuta kosa.

Majibu yalikuwa mazuri. Alikuwa amemeza kwa muda mfupi. Vitapunguzwa taratibu, na hakuna kilichoharibika.

"Mifupa yako ni mizuri sana," daktari alimwambia Kicheko. "Ni ya mtu wa miaka arobaini."

Futi alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili tangu asubuhi, na sasa aliivaa. Pumzi aliyokuwa ameizuia ilimtoka yote. Na nyuma ya pumzi hiyo, bila hata kusubiri, ukafuata ule uchungu wa zamani: ya mtu wa miaka arobaini.

Kicheko alimsamehe polepole na kwa masharti. Alitengeneza kigari cha magurudumu cha kubebea makochi, akakisukuma yeye, na Futi akatembea mbele ameshika glasi mkononi kama mhudumu, jambo ambalo wateja waliona si kitu na wakaacha kupiga picha. Fundi cherehani akawapima wawili, mmoja baada ya mwingine. Daktari wa meno alimng'olea Futi lile jino la pili lililokuwa likicheza, akayatibu yaliyobaki, na kumwambia kwamba kwa yale ya bandia itabidi asubiri kwanza mfupa utulie. Misumari aliiweka kwenye kopo.

Lakini kila mwezi unapoanza, kabla ya kazi, Futi humsimamisha ndugu yake kwenye mwimo wa mlango. Husema ni kwa ajili ya afya.

"Vua viatu. Simama wima. Usijinyooshe shingo."

"Sijajinyoosha, kaka."

Futi huweka rula kichwani, huchora kwa chaki, huteremsha futi hadi sakafuni, na husoma mara mbili.

"Hujapungua," husema, "hata kidogo." Na kila mara sauti yake huwa ya mtu anayelalamika, na Kicheko hucheka, meno yote nje.